Kofia za Sufu za Tshibola

Kila asubuhi Mwenze alitoka nyumbani kwake katika mtaa wa Kapata, mjini Kolwezi, akiwa ameshika kaske yake mkononi, ile kofia ngumu ya kazini, akatembea hatua arobaini hadi nyumba ya jirani na kugonga nguzo ya lango kwa ukingo wa kaske. Mara mbili. Hakuita jina. Muamba alitoka bado anatafuna, wakaenda pamoja hadi mahali lori la kampuni ya migodi lilipochukua watu. Walifanya hivyo miaka kumi na mmoja.

Sasa zilikuwa zimepita wiki tatu tangu Muamba atolewe katika nyumba ile, wakati Wakasai wote walipokuwa wakifukuzwa mjini na kupelekwa kwao kwa treni. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, mwezi wa sita mwaka 1993, mkono wa Mwenze uliinuka wenyewe na kugonga. Mara ya pili hakuimaliza. Mwanamke asiyemjua alichungulia dirishani, shuka limemfunika mabega.

"Unatafuta nani, tata?"

"Hakuna mutu. Nimekosea nyumba."

"Hii tulipewa," mwanamke akasema haraka. "Tuko na karatasi."

"Najua, mama."

Alikuwa bado amesimama pale lori lilipotokea kwenye kona, nusu saa kabla ya wakati wake. Amadi alilisimamisha katikati ya barabara. Alikuwa dereva wa kampuni, mtoto wa wasafirishaji kutoka Maniema, na chini ya kaske yake alivaa kofia nyeupe ya kwendea msikitini, majira yote.

"Panda, inspekta," akasema. "Kitenge wa timu ya asubuhi amekufa. Jiwe, pa mtambo."

Mwenze hakuwa polisi. Alikuwa mpelelezi wa ajali katika ofisi ya usalama wa kampuni, lakini watu walimwita inspekta kwa sababu maandishi yake, zile PV zenye muhuri, yalikwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Alipanda. Lori liliruka shimo, kaske ikamshukia hadi kwenye nyusi. Akaisukuma nyuma.

"Hiyo kaske inataka kukumeza," Amadi akasema.

"Saa ngapi ilitokea?"

"Saa kumi na moja na nusu. Timu ilikuwa ndio imeingia. Na batu bamesha kusema ni Muamba."

"Muamba yuko stasheni na watoto wake. Anangoja treni."

"Njo vile. Anauaka batu toka stasheni. Ule mukono wake ni murefu sana." Amadi hakucheka. "Baaskari ba jandarme bamesha kumutoa kwa bibi yake. Bamemuweka mu nyumba ya walinzi, pale pale stasheni. Mukubwa wa kazi anasema anataka PV yako mbele ya treni kutoka. Saa kumi."

"Anataka niandike nini?"

"Unajua. Ukiandika ni yeye, anabaki Kolwezi amefungwa mu selule, bibi na batoto banaenda. Na Mukasai mwenye kubaki pekee yake mu selule, mwaka huu, weye unajua banamuonaka mara ngapi tena."

Kaske ikashuka. Mwenze akaivua, akaiweka magotini.

*

Mtambo wa kuvunja mawe ulikuwa umezimwa. Maiti ilikuwa imekwisha kupelekwa hospitali. Mahali ilipokuwa palimwagwa mchanga. Mwenze alitoa tepi ya kupimia. Mkanda wa kubebea mawe ulipita mita nne na nusu juu ya njia, na upande mmoja kibati cha kuzuia mawe kilikuwa kimetoka tangu mwaka jana, hakikurudishwa, kwa sababu hakukuwa na bolti. Jiwe lenyewe lilikuwa kubwa kama ngumi mbili. Kaske ya Kitenge ilikuwa imelala hatua tatu mbele.

Aliigeuza. Haikuwa na ufa wala mkwaruzo mpya.

"Jiwe halikugusa kaske," akasema.

"Haikukuwa ku kichwa," Kabemba akajibu.

Kabemba alikuwa shefu wa timu ya asubuhi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shimo la mgodi. Tangu Muamba alipoondoka, funguo za stoo ya vifaa zilining'inia kiunoni mwake.

"Uliona?"

"Niliona. Jiwe lilikwama pa rola. Kitenge aliinama alitoe. Kaske ikamuangukia mbele. Akafanya hatua mbili tatu ya kuiokota, na lingine likatoka juu."

"Kamba ya kidevuni?"

"Kamba gani, inspekta? Nani iko na kamba hapa? Zilikatika zote wakati wa babu yangu." Watu wawili nyuma yake wakatabasamu, kisha wakaacha. "Angalia ndani. Ndani njo kuna kesi."

Mwenze akaangalia. Ndani ya kaske kulikuwa na utepe unaozunguka kichwa. Kishikizo chake cha plastiki kilikuwa kimevunjika zamani, na mahali pake palikuwa na waya wa shaba uliosokotwa, mwisho wake umepindwa kama ganda la konokono ili usichome ngozi. Hakuna aliyehitaji kuuliza msokoto ule ni wa nani. Kampuni ilikuwa haijaleta kaske mpya miaka mitatu. Zote zilizokuwa bado zinavalika zilikuwa zimepita mikononi mwa Muamba, fundi wa stoo.

"Ameifungia pa tundu ya mwisho, ile ya kulegea," Kabemba akasema. "Na si hii tu." Alikuwa amezipanga tayari juu ya sanduku: kaske nyingine tatu. "Angalia. Mukono moja. Ule mutu mbele ya kwenda alituachia lufu, kifo chenyewe, mu kichwa, moja moja."

Mwenze aliwaita wenye zile kaske. Aliwavalisha kila mmoja yake na kuingiza vidole kati ya utepe na paji la uso. Vidole viwili. Wa pili, vidole viwili. Wa tatu vilevile. Aliandika katika daftari: nafasi ya vidole viwili, zote sawa.

"Mutu anataka kuua," akasema, "juu ya nini apime?"

"Juu ya chuki."

"Mutu wa chuki hapimaki. Hizi zimepimwa." Akageuza ukurasa. "Muamba ameondoka wiki tatu. Kitenge alifanya kazi wiki tatu na hii kaske. Ilianza kuanguka siku gani?"

Kabemba aliangalia funguo zake.

"Siku gani, Kabemba?"

"Hii wiki. Sijue siku."

"Na zenu?" Mwenze akawauliza wale watatu.

Walitazamana. Wa kwanza akasema labda wiki jana. Wengine wakasema nao, labda. Hakuna aliyemwangalia usoni.

Mwenze akapiga magoti kuchungulia chini ya rola, kuona mahali Kitenge alipoinama. Alipoinamisha kichwa, kaske yake mwenyewe ilimtoka, ikagonga chuma, ikabiringika hadi kwenye buti la Kabemba.

Mtu yeyote angecheka siku nyingine. Kabemba aliiokota, akaigeuza, akamwonyesha waya wa shaba wenye ganda la konokono.

"Ata yako," akasema polepole. "Unaona sasa. Alitaka kukuua weye pia, jirani yake."

Mwenze alichukua kaske yake. Aliivaa tena, akaingiza vidole chini ya utepe mwenyewe. Viwili. Alisimama hivyo kitambo, vidole kwenye paji la uso kama mtu mwenye homa. Upepo wa baridi ulipita mtamboni. Watu wote wanne walikuwa wamekunja mabega, na masikio yao yalikuwa yamepasuka kwa baridi.

Vidole vile hakuviandika katika daftari.

"Masikio yenu," akasema. "Mwaka jana mwezi huu mlivaa nini?"

Kabemba alisema kwamba hapo ni mahali pa kifo, si mahali pa kuulizana mambo ya nguo.

*

Nyumba ya Kitenge ilikuwa Musonoi, karibu na ukingo wa shimo, na vyombo vilikuwa vimetolewa nje kama inavyofanywa penye msiba. Wanawake walikaa chini. Walimpisha. Mjane, Blandine, alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne hivi, mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa hajalia bado, na wanawake walikuwa wakimwangalia kwa sababu hiyo.

"Pole, mama Blandine."

"Asanti, tata Mwenze."

"Nisamehe. Vitu alivyokuwa navyo, vilirudi?"

Alinyoosha mkono nyuma yake na kuvuta mfuko wa plastiki. Mwenze alivitoa kimoja kimoja, akiandika. Buti. Taulo. Gameli ya chakula, bado nzito, ugali wa bukari na majani ya sombe ndani. Gameli ilikuwa imefungwa kwa kitu laini ili isipoe. Alikifungua kile kitu, akakinyoosha juu ya goti.

Kofia ya sufu, ya bluu, na mstari wa njano pembeni. Sufu nene ya sweta kuukuu iliyofumuliwa na kufumwa upya. Mwanamke mmoja tu Kapata alifuma hivyo, mistari yote kwenye ukingo, kila mtu rangi yake. Tshibola, mke wa Muamba. Kitenge alipewa njano. Kabemba alipewa nyeupe. Ya Mwenze ilikuwa na mstari mwekundu.

"Alikuwa anaifungia chakula," Blandine akasema. "Hii wiki tu. Mbele alikuwa anaivala chini ya kaske, sawa bote."

"Juu ya nini aliacha?"

Blandine alichukua kofia kutoka gotini kwa Mwenze, akaikunja mara mbili.

"Wiki jana pa lango la kazi, Kabemba alisimama mbele ya timu. Alisema: mwenye kuvala kofia ya bibi ya Muamba, apande treni naye, ni kilulu mwenzake. Batu balicheka. Bengine bakatoa pale pale. Unajua vile kunakuwa."

Kilulu ni mdudu. Mwaka ule neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye milango mingi ya Kapata.

"Na Kitenge?"

"Hakutoa. Alirudi hapa nayo ku kichwa. Nilimwambia, sikio ni yako, mupepo ni yako, baache baseme. Akasema: mi nangoja nione tata Mwenze. Ule ni mutu wa usalama, na ni jirani yao ya miaka. Yeye akivala, na mi navala."

Penseli ya Mwenze ilisimama.

"Jumanne akarudi kichwa wazi. Masikio imekuwa nyekundu. Nikamuuliza. Akasema: nimemuona pa lango. Amevua."

Mwanamke mmoja alikohoa. Kuku alipita kati ya sufuria.

"Jumanne," Mwenze akasema. "Uko na hakika ni Jumanne?"

"Weye hauna?"

Aliandika: Jumanne. Aliandika polepole, herufi kubwa kuliko kawaida. Kisha akaomba ruhusa ya kuchukua kofia kama kielelezo, naye Blandine akampa, na ndipo alipoanza kulia, bila sauti, akiangalia mikono yake mitupu.

Nje, Amadi alikuwa ameegemea lori.

"Tupite nyumbani kwangu," Mwenze akamwambia. "Kuna kitu ndani ya dolowa ya kabati."

*

Stasheni ya Kolwezi ilikuwa mji ndani ya mji. Familia zilizofukuzwa zilikuwa zimejenga kuta kwa masanduku na paa kwa mashuka, toka kwenye jengo hadi mbali kando ya reli. Watu walipika, walikohoa, walifua. Mabehewa yalikuwa yamekwisha kusogezwa. Nje ya uzio vijana wa Musonoi walisimama wamekunja mikono, wakingoja jibu lilelile alilokuwa akilingoja mkubwa wa kazi.

Mwenze alipita katikati ya watu hao ameinamisha kichwa, kaske mkononi, na zaidi ya mtu mmoja alimsalimu kwa jina. Tshibola alikuwa ameketi juu ya furushi karibu na behewa la tatu, watoto wanne wamemzunguka. Alimwona. Hakumwita.

Katika nyumba ya walinzi kulikuwa na meza, sajenti wa jandarme anayesinzia, na Muamba juu ya kreti. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa koti lake la kazini, limefungwa vifungo vyote. Kabemba, aliyeletwa kama shahidi, alisimama karibu na mlango.

Mwenze alikaa. Aliweka kaske ya Kitenge mezani, akafungua daftari.

"Jina."

"Unalijua."

"Ni kazi, Muamba."

"Muamba. Fundi wa stoo. Miaka kumi na tisa. Sasa fundi wa hapa." Alionyesha kreti.

"Hii kaske. Waya ni yako?"

Muamba aliigeuza kwenye mwanga. "Ni yangu."

"Uliifunga lini?"

"Mwezi wa tano, mwanzo wake. Mupepo ilikuwa imeanza."

"Uliifungia tundu ya mwisho."

"Niliifungia Kitenge na kofia yake. Kila mwaka nafanya vile. Mwezi wa tano banakuja pa stoo, banapanga mustari, nasema: vala kofia yako kwanza. Nafunga juu yake. Mwezi wa nane banarudi, nakaza." Alimwangalia. "Weye ulikuwa wa tatu ku mustari. Ulileta karanga."

Sajenti alifungua jicho moja.

"Kama mutu anatoa kofia," Mwenze akasema, "na hakazi?"

"Inacheza. Vidole viwili." Muamba aliitazama tena kaske, kisha kichwa cha Kabemba, kisha cha Mwenze. Alianza kuelewa, na uso wake haukupata hasira. Ulipata huzuni ya fundi. "Juu ya nini hawakukaza? Ni dakika tano."

"Na nini?" Kabemba akasema kwa ukali. "Na meno? Waya nene vile."

"Na koleo yangu."

"Iko wapi?"

"Ilikuwa nyumbani, mu sanduku ya bluu, chini ya kitanda. Balibeba siku ile pamoja na kitanda." Muamba alimgeukia Mwenze, sauti yake ya kawaida. "Labda weye uliona ni nani alibeba ile sanduku."

Mwenze aliangalia daftari.

"Nilikuita, siku ile," Muamba akaendelea. "Pa dirisha lako. Lakini labda ulikuwa ku kazi."

Kisingizio kilikuwa kimeachwa pale mezani, wazi, akichukue.

"Labda," Mwenze akasema. Kisha: "Waya ulikuwa wa milimita ngapi?"

"Mbili na nusu."

Aliandika mbili na nusu.

Alisimama, akavaa kaske ya Kitenge kwenye kichwa kitupu na kumwomba sajenti aangalie. Akainama kama mtu anayetoa jiwe kwenye rola. Kaske ilianguka mezani, ikamwamsha sajenti kabisa. Akachukua kofia ya bluu yenye mstari wa njano, akaivaa, akaweka kaske juu yake, akainama tena hadi paji la uso likakaribia magoti. Kaske ilikaa. Akatikisa kichwa. Ilikaa.

Akazivua, akaziweka mezani, kisha akaingiza mkono katika koti lake na kutoa kofia nyingine, ya kijivu, mstari mwekundu. Ilikuwa imekunjwa vizuri sana, kama kitu kilichofichwa na mtu nadhifu. Aliivaa mbele ya Muamba bila kumtazama, akaweka kaske yake mwenyewe, akainama.

Ilikaa.

"Hakuna aliyelegeza kitu," akasema. "Zilifungwa sawa. Vichwa njo vilibadilika."

Kabemba alipumua kwa pua. "Basi ni vilevile. Note ya kampuni inakataza kofia chini ya kaske. Iko imebandikwa. Yeye alifungia kaske juu ya kitu chenye kukatazwa. Andika hiyo."

Ilikuwa kweli, na kila mtu chumbani alijua kwamba neno hilo lilitosha kumbakisha mtu Kolwezi. Sajenti alichukua kalamu yake. Nje, injini ya treni ilipiga honi ya kwanza.

"Note ilitoka ofisini mwangu," Mwenze akasema. "Niliibandika mwenyewe miaka sita iliyopita. Siku ile nilikuwa na kofia ku kichwa. Kila mwaka nilipanga mstari na ninyi. Kama kuna mwenye kuvunja note, ni mwenye kuilinda."

Alikaa, akachukua karatasi yenye kichwa cha kampuni, akaandika PV moja kwa moja. Iliandikwa kwa Kifaransa kama zote, lakini alisoma kwa Kiswahili, kwa sauti, ili shahidi asikie.

"Marehemu alikufa kwa jiwe lililotoka mahali pasipo na kibati cha kuzuia. Kaske haikuwa kichwani kwa sababu ilikuwa imefungwa juu ya kofia ya sufu ambayo marehemu aliivua Jumanne. Fundi Muamba alifanya kazi yake inavyotakiwa, kwa idhini ya ofisi ya usalama. Marehemu alivua kofia kwa aibu, baada ya maneno ya matusi kusemwa langoni. Mwandishi wa PV hii alikuwepo maneno hayo yaliposemwa. Alicheka. Jumanne iliyofuata alivua kofia yake, na marehemu alimwona."

Alitia sahihi. Mwenze, inspekta. Muhuri. Sajenti alikuwa ameacha kuandika.

"Watakufukuza kazi," Kabemba akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Inawezekana."

"Haukuandika jina yangu."

"Nimeandika yangu. Yako, hapo chini kuna nafasi ya shahidi. Utaandika mwenyewe, au hautaandika. Pasipo sahihi ya shahidi haiendi popote, na treni inatoka."

Kabemba aliangalia karatasi. Aliangalia kofia yenye mstari wa njano iliyobaki juu ya meza. Alikuwa mtu aliyebeba maiti ya Kitenge mikononi mwake asubuhi ile hadi kwenye gari, na damu ilikuwa bado kwenye mkono wa shati lake.

"Ilikuwa mchezo," akasema. "Mi nilitaka bacheke tu."

"Tulicheka."

Alichukua kalamu. Aliandika jina lake vibaya mara ya kwanza, akalikata, akaliandika tena. Kisha akatoka bila kumuaga mtu, na mkono wake ulishika funguo zisilie.

Sajenti alisoma PV yote, midomo ikitembea. Alipomaliza alimwambia Muamba: "Haya, tata. Kimbia."

*

Hakukimbia. Watu walikuwa wengi mno, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwenye kreti. Mwenze alitembea upande wake akipasua njia kwa bega. Amadi alikuwa amesogeza lori hadi kwenye uzio, na alikuwa akiwaeleza vijana wa Musonoi, kwa mikono miwili na kofia yake nyeupe kichwani, habari ndefu sana ya kibati na bolti.

Tshibola alikuwa amekwisha kupanda. Alikuwa amesimama katika mlango wa behewa ameshika nguzo, anatafuta juu ya vichwa vya watu. Alipomwona mumewe aliketi ghafla pale mlangoni, juu ya furushi, na watoto wakashika nguo yake.

Muamba alipanda. Aligeuka. Honi ya pili ilipigwa. Mwenze alibaki chini kwenye changarawe, kofia ya sufu yenye mstari mwekundu bado kichwani, kaske juu yake. Alikuwa amesahau kuivua. Tshibola aliitazama ile kofia.

"Imekukaa," akasema.

"Asanti, mama."

"Hiyo nyekundu ilikuwa sweta ya mutoto."

"Sikujua."

Behewa lilitikisika. Muamba alinyoosha mkono, wakashikana kama watu wanaoagana baada ya kazi, na mambo yangeweza kuishia hapo. Muamba alikuwa tayari kuuachia.

Mwenze hakuuachia. Alitembea na behewa hatua moja, mbili.

"Muamba. Siku ile sikukuwa ku kazi."

Muamba alimwangalia.

"Nilikuwa mu nyumba. Nilisimama nyuma ya mulango. Nilikuona unapita pa dirisha, na mama Tshibola na batoto, na bale batu nyuma yenu. Nilisikia unaniita. Uliniita mara tatu, na sikufungua. Niliogopa. Si kwamba sikuweza. Sikufungua."

Magurudumu yalianza kulia. Watu walikuwa wakiimba mahali fulani mbele. Mwenze sasa alikuwa akitembea haraka, kaske imekaa imara kichwani mwake.

"Mara nne," Muamba akasema.

Na mkono wake ulikuwa bado umeshika wa Mwenze, hadi mahali changarawe ilipokwisha.